Unga Njiani

Karatasi imekunjwa mara nne, ina alama ya mafuta
pale nilipoishika kabla sijanawa.
ALT: mia moja themanini na saba.
Kando yake, kwa herufi za kunong'ona: saba mpaka hamsini na sita.
Na mshale unaoelekea juu,
kama mtu aliyeulizwa mwenye kosa ni nani
akanyosha kidole mbinguni.

Nimesaga nafaka Oli, hapa Arua, miaka kumi na tisa.
Namba nazijua: za mizani, za deni, za umeme unaokatika
kilo ya mwisho ikiwa kooni mwa mashine.
Hii ilinikodolea macho usiku kucha.
Niliigeuza juu chini. Haikupungua.

Ezaru, mke wangu, hakuuliza. Alihesabu chupa uani,
ingawa anajua mimi na waragi hatusalimiani.
Jirani hakuhesabu. Yeye alishajua.
"Ini," alisema, "ni ugonjwa wa mdomo usiofungwa,"
akanikata maini kabla ya daktari.

Jumatatu, Mastura wa maabara,
Mnubi mwenye Kiswahili cha haraka, alinisomea.
"Hivi ni vimeng'enya, mzee."
Ndani ya neno nikasikia *enya*,
ugali wetu wa mhogo na wimbi, nikacheka peke yangu.
"Vinafanya kazi ndani ya seli za ini. Huko ndiko kwao.
Vichache hutoka kila siku, kwa kila mtu.
Vikijaa kwenye damu, kuna ukuta umepasuka."

Ukuta sikuuelewa. Nilielewa unga.

Unga ukiwa ndani ya gunia ni mali.
Ukiwa njiani, ni habari.
Ukiona mstari mweupe kutoka ghalani mpaka mlangoni
unajua gunia limetoboka. Hujui
kama ni panya, ni msumari, au ni mtoto na wembe wake.
Unga haumtaji mtu.

Nikamwambia hivyo. Aliweka kalamu chini.
"Na mstari ukikoma, mzee?"
Pengine gunia limeshonwa.
"Au?"
Nikanyamaza, maana nilijua.
Au limekwisha.
"Ndiyo sababu hatusomi namba moja peke yake,"
akanionyesha ya manjano, akanionyesha ya protini,
na ile ya homa ya ini iliyoandikwa: hakuna.

Kisha akauliza ninameza nini.
Hapo niliona haya kuliko mbele ya jirani.
Mgongo. Magunia ya kilo mia. Dada yangu Candiru
huniletea mizizi kutoka Maracha,
huichemsha mwenyewe mpaka maji yawe meusi kama chai ya msibani,
kikombe asubuhi, kikombe usiku, tangu Pasaka.
"Siwezi kuapa ni hiyo," alisema Mastura.
"Iache majuma manne. Urudi tupime."

Leo ni juma la pili. Mgongo unanidai.
Candiru amekuja na kifurushi, amekifunga kwa kanga yake,
anasimama mlangoni, unga unamtua kwenye nyusi.
Nitamwambiaje huyu, aliyenibebea maumivu
maili zote hizo kwa miguu,
kwamba huenda wema wake umetumbukia nyongo?

Nazima mashine.
Naikunjua karatasi juu ya mizani; haina uzito wowote.
"Mshale huu haukuelekei wewe," namwambia.
"Kuna tundu mahali. Nisaidie kulitafuta."

Hajui kusoma, lakini anauza karanga, namba hazimtishi.
"Wanataka isizidi hamsini na sita?"
"Ndiyo."
Midomo yake inatoa, inatoa tena.
"Basi iliyozidi ni nyingi, Anguzu."
Kifurushi anakirudisha nyuma ya mgongo,
kama mtoto aliyekutwa na sukari.
Halafu ananiwekea kiganja tumboni, upande wa kushoto.

Nakishika, nakihamisha taratibu
kulia, chini ya mbavu.
Ini liko huku, dada.